Pongezi kwa Mafundi wa Sarafu za Kilwa

Kutoka Mlola, juu ya milima ya Usambara, nawapongeza kwa moyo wote mafundi wa kale waliogonga sarafu za masultani wa Kilwa. Kwenye kipande kidogo cha shaba waliandika kwa Kiarabu, upande mmoja maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili jina la mtawala, na maneno ya pande zote mbili yakapatana kwa vina. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa karne ya 14, imepatikana Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944. Walimu wa Lushoto, wafundisheni watoto habari hizi. Ufundi huu ni urithi wao pia.