Ndani ya Dakika Ishirini

Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar linapofikia usiku wa tuzo, watu huuliza ni nani kalitwaa Jahazi la Dhahabu. Washindi wa filamu fupi hutajwa harakaharaka, hupigwa picha, wakashuka jukwaani. Kwangu mimi uhondo uko hapo. Anayetengeneza filamu ya dakika ishirini hana pa kujificha: tukio moja likipwaya, kazi nzima imepwaya.

Chukua Watu Wote, ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Mjerumani Katja Benrath akiwa bado mwanafunzi wa filamu huko Hamburg, ikapigwa Kenya kwa Kiswahili na Kisomali. Kisa chake ni cha kweli. Tarehe 21 Desemba 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi huko Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki. Yote haya yamebebwa na dakika 22. Tunamfuata Jua, mwanamke Mkristo anayepanda basi lile akiwa na kinyongo na Waislamu waliomzunguka. Chanzo cha uchungu wake tunakipata kwa maneno machache mno, na msiba wenyewe hatuonyeshwi. Benrath ameuamini uso wa mwigizaji wake, Adelyne Wairimu, na ametuamini sisi watazamaji kwamba tutayajaza yaliyobaki. Kisha basi linasimamishwa, na Jua anastiriwa kwa hijabu na wale wale aliokuwa akiwakwepa. Muda wa kutueleza moyo wake umegeukaje haupo. Tunaona mikono ikifanya kazi, na inatosha. Mwaka 2018 filamu hiyo iliteuliwa kuwania Oscar.

Ufundi huu si mgeni Afrika. Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1963, ina dakika kama ishirini tu: siku moja ya mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Mtu mmoja anamkodi ampeleke makaburini na maiti ya mwanawe mchanga. Langoni karatasi zinakaguliwa, zinaonekana kuwa na kasoro, na baba anazuiwa kuingia. Mwenye mkokoteni anaishusha maiti ile chini na kushika njia yake, maana bado ana riziki ya kutafuta. Sembène hamlaumu wala hamtetei. Anaendelea na safari, na sisi tunabaki pale langoni na baba yule. Filamu hiyo ilituzwa katika tamasha la Tours, Ufaransa, na hadi leo sijaona filamu ndefu iliyoueleza ukatili wa makaratasi kwa ukali huo.

Huko Ouagadougou, tamasha la filamu za Afrika la FESPACO huipa filamu ndefu bora Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, na filamu fupi hupata Mwanafarasi. Sanamu ni nzuri, ila nachelea tusije tukadhani filamu fupi ni utoto wa filamu ndefu. Ni kweli mwongozaji Mtanzania Amil Shivji alitengeneza filamu fupi Shoeshine na Samaki Mchangani kabla ya filamu ndefu T-Junction na Vuta N'kuvute. Lakini Shoeshine, na yule mng'arisha viatu wa Dar es Salaam anayeitazama jamii ikipita mbele yake, ni kazi iliyokamilika, si zoezi.

Linaloniuma ni hili. Filamu fupi nyingi za kwetu hulipiwa na mashirika yanayotaka ujumbe: malaria, ndoa za utotoni, rushwa. Mada ni za haki kabisa, ila ghafla mhusika huacha kuishi akaanza kuhubiri, na majaji nao wakati mwingine huituza mada wakaisahau kazi. Jaji akae na filamu kwa makini. Aone mwongozaji ameanzia wapi kisa chake, ameacha nini, amenyamaza wapi. Asikilize sauti pia, kwani upepo uliovuma kwenye maiki umeua filamu nyingi nzuri.

Hakuna sinema inayouza tiketi ya dakika kumi na tano, kwa hiyo tuzo mara nyingi ndiyo malipo pekee ya mhariri aliyekesha akipunguza sekunde mbili hapa, tatu pale. Baada ya tamasha kazi yake hufungiwa kwenye diski. Televisheni zetu zingeweza kuzionyesha filamu hizi usiku, baada ya taarifa ya habari, bila kuzikatiza kwa matangazo. Dakika 22 haziwezi kukosa nafasi.