Pongezi kwa Mpima Kina wa Bagamoyo

Nahodha husifiwa na wengi. Mimi nampongeza baharia anayesimama omoni na upondo au bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina. Ufuo wa Bagamoyo una maji mafupi, na yakipwa mchanga hutokeza mbali na nchi. Ndiyo sababu mojawapo Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala Dar es Salaam mwaka 1891. Kwenye kilindi jahazi hukimbia. Likikaribia fungu tanga hutuliwa, bildi hutupwa, pima hutangazwa, tena na tena, maana kipimo cha asubuhi hakifai adhuhuri. Hata mashine za kupimia vyuma viwandani hufuata adabu hiyo: ncha hukimbia ikiwa mbali, hunyata ikikaribia kugusa. Injini zimeingia majahazini, ila upondo bado umo chomboni.