Raba Iliyokauka: Mashine ya Espreso Mikononi mwa Fundi wa Mtaa wa Majengo

Dele la kahawa chungu, lile la wauzaji wa jioni, halina raba hata moja: moto chini, kahawa juu, mvuke utoke upendavyo. Mashine ya espreso haina uhuru huo. Pampu yake husukuma maji kwa shinikizo la baa 9 hivi, mara nne ya upepo wa tairi la gari dogo. Kwenye kichujio chenye kipenyo cha milimita 58, hiyo ni nguvu ya karibu kilo 240 inayotaka kuung'oa mpini unaokishika. Kinachozuia maji yasipenye ni pete moja ya raba.

Pete hiyo ndiyo iliyokuwa imechoka katika mashine iliyofikishwa kwa fundi mmoja wa vyombo vya umeme mtaani Majengo, upande wa kuteremkia soko la Gikomba. Mwenye mashine alikuja na jibu lake: pampu imekufa, kahawa inatoka nyepesi, maji yanachuruzika kando ya mpini. Fundi hakuigusa pampu. Aliufunga mpini, akaona umepita katikati na kwenda kulia kabisa.

"Mama, umekuwa ukikaza zaidi kila siku," alisema. "Pampu ni nzima. Raba ndiyo imekauka."

Hapo ndipo kazi ilipofanyika hasa. Yaliyofuata ni mikono tu. Raba hii huuliwa na joto. Hukaa imegusana na chuma chenye nyuzi tisini na zaidi, haswa kwa mtu anayeiacha mashine ikiwaka asubuhi nzima. Hupoteza ulaini, hubonyea pale ukingo wa kichujio unapokandamiza, na haiinuki tena kuziba. Anayekaza zaidi hununua siku chache tu, huku akiyala mabawa yanayoushika mpini kwenye mashine.

Sahani ya matundu ilitolewa kwanza, nyuma yake utando mweusi wa mafuta ya kahawa. Raba yenyewe ilikataa bisibisi. Fundi akazamisha skrubu mbili nyembamba ndani ya raba, pande zinazoelekeana, akazivuta kwa koleo kwa zamu mpaka ikatoka vipande vipande. Mabaki kwenye mfereji inamokaa pete aliyakwangua kwa kijiti cha mwanzi. Ningemlipa kwa kijiti hicho peke yake: chuma kikichora mfereji, hata raba mpya itavuja.

Jirani akashauri pete ikatwe kwenye tyubu ya gari. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji nawaheshimu kwa mabati na masanduku, lakini hapa hapana. Tyubu ni nyembamba, ikipangwa tabaka maji hupita katikati yake, tena haikutengenezwa kwa maji ya kunywa. Inayofaa ni silikoni ya vyombo vya chakula, ya kipimo chake. Gaggia Classic, kwa mfano, huchukua pete ya milimita 73 kwa 57, unene 8.5. Kipimo kisichukuliwe kwenye raba kuukuu, kwa kuwa imekwisha kusinyaa. Nusu milimita tu hubadilisha mahali mpini unaposimama.

Pete mpya ililowekwa kwenye maji ya moto, ikawekwa kwa vidole, kisha ikasukumwa hadi ndani kwa mpini uliotolewa kichujio. Grisi ya gari haikukaribishwa. Mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za raba.

Kwenye majaribio, mpini ulisimama kushoto kidogo ya katikati, ndivyo inavyotakiwa raba ikiwa mpya, na hakuna tone lililopita kando. Kahawa, hata hivyo, ilitoka nyepesi vilevile. Fundi akamwaga machicha kiganjani na kuyasugua kwa kidole gumba: chenga kubwa, kahawa iliyosagwa kwa ajili ya kuchemshwa sufuriani. Maji yalikuwa yakipita humo karibu bila kizuizi, wala shinikizo halikupata nafasi ya kufika baa 9.