Pale Rangi Isipofika

Batiki ya kufunga ikianikwa kwenye kamba, jicho hukimbilia rangi. Ni kawaida, kwa kuwa rangi ndiyo iliyonunuliwa, ndiyo iliyokorogwa, na ndiyo iliyobaki kwenye kucha za aliyeifanya kazi. Lakini umbo la kitambaa kile halikutengenezwa na rangi. Lilitengenezwa na uzi, fundo, mkunjo na nta, yaani na vyote vilivyoizuia rangi isipite. Rangi ilikuja baadaye, ikajaa mahali palipoachwa wazi. Anayetaka kukisoma kitambaa hicho kama kazi ya sanaa, nami naamini ni sanaa hata kama kimetoka kwenye beseni la kufulia katika ua mmoja wa Ruziba, Burundi, aanze na nyeupe.

Tuchukue umbo linalojulikana kuliko yote, duara. Mita mbili za pamba nyeupe zimetandazwa. Mkono unashika katikati, unavuta juu, na kitambaa kinajikusanya mithili ya mwavuli uliofungwa. Kisha zinafuata kamba, mara nyingi vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, zikikazwa kila baada ya nafasi fulani kutoka ncha kwenda chini. Kitambaa kinachovywa, kinasubiriwa, kinasuuzwa, kinafunguliwa. Tunaona pete nyeupe zikizunguka kitovu kimoja.

Tutazame pete hizo kwa karibu. Hakuna hata moja iliyo mviringo kamili. Kingo zake zina meno, na kila jino ni mkunjo mmoja uliobanwa chini ya mpira. Meno madogo yanayofanana yanatuambia kwamba mkono ulikusanya kitambaa kwa subira, mkunjo baada ya mkunjo. Meno mapana yasiyolingana yanatuambia kwamba kitambaa kilikwapuliwa kwa mkupuo mmoja. Upana wa pete ni upana wa kifungo. Pete iliyofifia, inayoonekana upande huu na kupotea upande ule, ni kifungo kilicholegea. Nguvu ya vidole imeandikwa hapo kwa namna ambayo hakuna mashine ya kuchapa vitenge inayoweza kuiandika, kwa kuwa mashine haichoki inapofika pete ya saba.

Ukilinganisha na kanga, tofauti inakuwa wazi zaidi. Kanga ina mpangilio ambao msomaji anaujua kabla hajaufungua mkunjo wa kwanza: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini ya mji. Ni ukurasa wenye fremu, na jina hulizungumzia vazi zima kwa maneno. Kitenge hakina fremu. Picha yake hujirudia mpaka pale mkasi wa muuzaji utakapoamua. Bujumbura iliwahi kuwa na kiwanda chake kikubwa cha nguo, COTEBU, na huko kiwandani kujirudia bila kosa ndiko kulikokuwa sifa ya kazi njema. Batiki ya kufunga haina fremu wala jina, na kujirudia kwake ni kwa aina nyingine kabisa. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Kunja kitambaa mara mbili, upate matabaka manne, kisha ufunge. Kila utakalofanya litatokea mara nne. Lakini halitatokea sawasawa. Tabaka la nje hukutana na rangi kwanza na kunywa zaidi. La ndani hupata kilichobaki. Kama kitambaa kililowekwa maji kabla, nyuzi zake zimekwisha kushiba, kwa hiyo rangi haivutwi kwa kasi kuingia mikunjoni, na tofauti kati ya nje na ndani huwa kubwa. Kikifunguliwa tunakuta duara nne zenye umbo moja na sauti nne: ya kwanza imekolea, ya pili imepungua, ya tatu inanong'ona, ya nne ni kivuli tu. Jicho lililozoea linaweza kukikunja tena kitambaa hicho kimawazo na kusema ni pembe ipi iliyokuwa nje. Muundo wa kazi hii ni kumbukumbu ya utaratibu wake. Sijui sanaa nyingi zinazomwachia msomaji ufunguo kamili hivi.

Kwa nta mambo hubadilika. Nta iliyoyeyushwa ikichorwa au kugongwa kwa muhuri huzuia rangi kwa ukingo mkali, na umbo linaweza kuwa samaki, mtumbwi, mwanamke mwenye mtungi. Batiki nyingi za kutundika ukutani ni za namna hii, na nyingi zinanichosha, kwa kuwa picha imepangwa yote kabla na rangi imegeuzwa mjazaji wa mistari. Kinachoziokoa ni nyufa. Nta ikipoa na kufinywa hupasuka, rangi hupenya, na juu ya samaki yule aliyechorwa kwa uangalifu hupita mishipa myembamba isiyochorwa na mtu. Kitambaa husema neno lake mwenyewe, na picha huanza kupumua.

Sasa beseni. Ruziba iko kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara iendayo Rumonge, ziwa upande mmoja na milima upande wa pili. Maji ya Ziwa Tanganyika si maji matupu. Yana tabia ya magadi, pH yake ikiwa karibu na 9, na yamebeba magnesi kwa wingi. Hata maji ya bomba ya Bujumbura kwa sehemu kubwa hutolewa ziwani humo. Kwa anayepika chai hilo si jambo kubwa. Kwa anayetia nguo rangi ni sehemu ya umbo. Rangi zinazoshikana na pamba kwa msaada wa magadi huhitaji alkali ili zishike, lakini zisishike mapema mno. Zikianza kushika kabla kitambaa hakijageuzwageuzwa vya kutosha, hutokea mawingu: hapa pamekolea, pale pamepauka. Magnesi na kalsi nazo hushikamana na baadhi ya rangi na kuzipunguzia mng'ao. Ndiyo maana mtiaji rangi hutanguliza chumvi, ambayo huisukuma rangi kuelekea kwenye uzi, hugeuzageuza kitambaa kwa muda, na ndipo huongeza magadi. Anayetumia rangi za haidrosalfaiti na kostiki ana mpangilio mwingine: kitambaa hutoka majini kikiwa na rangi isiyo yake, kisha hewa ndiyo inayoikamilisha. Nili ndivyo ilivyo, hutoka ya manjano yenye ukijani na kugeuka buluu mbele ya macho yako. Katika kazi hiyo upepo ni chombo kama beseni. Sehemu iliyobaki imejikunja kwenye kamba huchelewa kukutana na hewa, na ucheleweshaji huo nao unaweza kuacha alama.

Nili ina safari ndefu katika mwambao huu. Kilomita chache kusini mwa Ruziba, huko Mugere, kuna jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wawili hao walikuwa wakipanda na ziwa kutoka Ujiji kuelekea mdomo wa Rusizi, ambako walithibitisha kwamba mto huo unaingia ziwani, hautoki. Fedha kuu ya safari kama hizo ilikuwa nguo, ikihesabiwa kwa doti: merikani, pamba ya Marekani isiyotiwa rangi, na kaniki, pamba iliyochovywa kwenye nili mpaka ikakaribia weusi. Kaniki nyingi ilitoka India. Kule Zanzibar kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na mafukara, na wanawake waliotoka utumwani waliiacha wakakimbilia kanga zenye maua mara tu walipoweza. Naelewa kwa nini waliiacha. Weusi ule haukuwa na nyeupe hata moja ndani yake. Kitambaa kilizamishwa chote, hakuna mahali palipoachwa wazi.

Lakini leo kutia weusi mtupu ni kazi ya kawaida ya rangi nyumbani, na haifanywi kwenye kitambaa kipya. Inafanywa kwenye nguo iliyopauka. Soko la nguo ni la caguwa, yaani mitumba, na suruali iliyovaliwa Ulaya miaka kadhaa hufika ikiwa imechoka magotini. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizi hatua kwa hatua. Marobota bado yanafunguliwa sokoni. Mwenye suruali hununua pakiti ya rangi ya unga, huweka sufuria kuukuu juu ya mbabula, jiko la mkaa, na baada ya saa moja ana suruali nyeusi. Wahakiki wa nguo hupita hapa bila kusimama. Wanaona ukarabati, hawaoni umbo. Mimi nasema umbo lipo, tena ni gumu kuliko la duara.

Tuchukue jinzi ya buluu iliyotiwa weusi kwa njia hiyo. Kitambaa chake ni pamba, kimekunywa. Nyuzi zilizoishona, kama ilivyo kwa nguo nyingi za viwandani siku hizi, ni poliesta, na rangi ya pamba haishiki poliesta, ambayo hudai rangi za aina yake na joto kubwa kuliko la sufuria ya nyumbani. Kwa hiyo mishono yote imebaki ya chungwa vilevile. Kabla ya kuchovywa mishono hiyo ilizama kwenye buluu, hakuna aliyeiangalia. Sasa imejitokeza kama mchoro: safu mbili zinazoshuka pajani, tao la mfuko wa nyuma, mraba mdogo wa kushikilia mkanda. Suruali imegeuka ramani ya jinsi ilivyoshonwa. Ndani, kitambaa cha mfuko ni mchanganyiko, kimekunywa nusu, kimekuwa kijivu. Lebo ya poliesta imebaki nyeupe na maandishi yake yanasomeka.

Kilichoizuia rangi hapa hakikufungwa na mkono wa mtu wa Ruziba. Kilifungwa na mshonaji wa kiwanda fulani mbali sana, bila kujua kwamba uzi wake siku moja ungefanya kazi ya kifundo. Kusoma suruali hiyo ni kusoma kazi ya watu wawili wasiojuana. Magotini utaona jambo la tatu. Rangi haifichi kilichokuwepo, hukaa juu yake. Manjano chini ya buluu hutoa kijani, na pauko chini ya weusi hutoa weusi mwepesi. Magoti yaliyopauka yataonekana bado, kwa unyenyekevu, kama nguo imetazamwa juani. Anayetaka kuyafuta kabisa itabidi kwanza aivue suruali nzima rangi kwa maji ya javeli, na javeli hula pamba. Wengi wanaacha magoti yaseme. Wanafanya vema.

Hapa najua nitaulizwa: kama kila pauko lina habari, basi hakuna kazi mbaya? Ipo, tena nyingi. Kipimo changu ni kwamba sehemu isiyo na rangi, au yenye rangi kuzidi, iweze kurudishwa kwenye muundo wa kitambaa au wa tendo: fundo, mkunjo, mshono, ufa wa nta, goti lililopinda. Wingu lililotokea kwa sababu kitambaa kilisongamana kwenye sufuria ndogo halirudi popote. Halifuati uzi, halifuati umbo la mwili, limekaa tu. Hilo ni kosa. Rangi inayotoka kwenye kufua mara ya kwanza na kuchafua shuka za watu ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa nguo isiyoshika rangi haina umbo la kuhakikiwa wiki ijayo. Kipimo hiki kinayumba mbele ya jambo moja. Chembe za unga zisizoyeyuka huacha vidoa vilivyokolea vyenye mkia mfupi, mkia ukielekea kule maji yalikoelekea. Wapo wanaounyunyiza unga makusudi juu ya kitambaa chenye unyevu ili wavipate. Kidoa kilekile ni uzembe kwenye nguo moja na ufundi kwenye nyingine. Tofauti naiona katika idadi na mtawanyiko: vitatu peke yake begani ni bahati mbaya, mamia yanayoelekea upande mmoja ni mvua.

Kisha kitambaa humfikia fundi cherehani, na wengi wa wahakiki huacha kusoma hapo, kumbe nusu ya umbo huamuliwa kwenye meza yake. Duara ni umbo lenye amri: lina kitovu, na kitovu hutaka mahali. Kikiwekwa tumboni, gauni huonekana kama shabaha. Kikiwekwa kati ya mabega, nyuma, pete hushuka na mgongo na meno yake hufuata mwendo wa anayetembea. Kikikatwa katikati na mshono wa pembeni, nusu duara mbili hazitakutana tena hata fundi ajitahidi vipi, kwa kuwa matabaka hayakunywa sawa. Imvutano, vazi la wanawake la sherehe hapa Burundi, hulitatua tatizo kwa njia nyingine: kitambaa hufungwa begani bila kukatwa, na fundo hilo hukusanya tena mikunjo. Kitambaa cha duara kikivaliwa hivyo, fundo la begani linaweza kuangukia palepale palipofungwa kabla ya kuchovywa, pete zikajikunja kwenye meno yao ya zamani. Mavazi ya namna hiyo yanastahili kukatazwa mkasi, na mtiaji rangi anayejua kazi yake angemwambia mteja hivyo kabla hajaondoka na kitambaa.