Kejeli na Kinaya katika Rekodi za Fats Waller

Wahakiki wamezoea kumgawa Fats Waller (1904–1943) mara mbili: kwa upande mmoja, mpiga piano stadi aliyefunzwa na James P. Johnson huko New York. Kwa upande wa pili, mchekeshaji aliyeutapanya ustadi huo kwa kuwafurahisha wasikilizaji. Mgawo huu unapotosha. Rekodi alizotoa na kikundi chake kidogo kwa kampuni ya Victor, kuanzia 1934 hadi 1942, zinadai kuhakikiwa kama utendaji, kwa maana ileile tunayoitumia katika fasihi simulizi: matini ni ya mwingine, tafsiri ni ya fanani.

Matini zenyewe aghalabu zilikuwa hafifu, nyimbo za mapenzi zilizotungwa kwa ajili ya soko. Waller aliziimba na papo hapo akazitilia shaka. Aliburura irabu, alichopeka maneno ya kando, alijifanya analia. Katika "Your Feet's Too Big" (1939) mbinu hii ni kejeli tupu na, nikiri, mimi huchoka nayo upesi. Hata hivyo, tusikilize mkono wa kushoto unavyoruka kutoka noti ya chini hadi kodi ya katikati bila kuyumba. Sauti inadhihaki, piano haidhihaki.

"I'm Gonna Sit Right Down and Write Myself a Letter" (1935) ni suala jingine. Wimbo huu si wake. Ulitungwa na Fred Ahlert na Joe Young. Nafsineni anajiandikia barua na kujifanya imetoka kwa mpenziwe, hivyo mwandishi na mwandikiwa ni mtu mmoja. Kinaya tayari kimo ndani ya matini, na Waller amelitambua hilo. Piano inatangulia kwa upole, kisha sauti inafuata karibu bila mzaha wowote. Lau angalicheka hapa, angalimwokoa nafsineni na upweke wake. Anamwachia upweke huo. Je, mchekeshaji asiyejua thamani ya kunyamaza angaliweza hivyo?

Wanaozienzi rekodi zake za piano pekee, mathalani "Handful of Keys" (1929), wana haki ya kusifu vidole. Ila mvutano huu baina ya sauti na piano hawataupata humo.