Pongezi kwa Tembo wa Arusha

Sisi wa Manguredjipa tumezoea kuikagua dhahabu kabla ya kuuliza bei. Kiko cha tumbaku nacho kikaguliwe hivyo hivyo. Nukta ndogo nyeupe juu ya mrija ni alama ya Dunhill wa London. Na alama ya tembo je? Hiyo ni ya Kiko, chapa ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha, na mafundi wake ndio ninaowapongeza leo.

Walitumia meerschaum, jiwe jepesi na laini la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, wakatengeneza viko vilivyovutwa hadi Ulaya. Vingine walivivika ngozi, kazi ya kupendeza kweli. Jiwe hilo hufyonza unyevu wa moshi.

Tena hawakuficha walikotoka: walipiga mhuri wa nchi, na mhuri huo hutusaidia kujua umri. Jina Tanzania lilianza 1964, kwa hiyo kiko chenye jina hilo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.

Wenye kiko cha babu nyumbani, Butembo au Beni, nawaomba: msikipige msasa ili king'ae. Mhuri ukifutika haurudi.