Pawa saplai kwanza, kadi baadaye

Wengi wanaojiundia kompyuta ya gemu na kuediti huanza na kadi ya michoro, na chenji inayobaki ndiyo inayonunua pawa saplai. Kwa mtu wa Maili Moja, Kibaha, au wa Kisarawe mjini, anayeediti video za harusi mchana na kucheza gemu usiku, mpangilio huo huua mashine mapema.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024. Ni jambo kubwa, lakini bwawa halizuii tawi la mwembe kuangukia waya wa mtaani, wala halimsaidii aliye mwisho wa laini jioni, volti 230 zinaposhuka. Pawa saplai iliyoandikwa volti 100 hadi 240 huvumilia mshuko huo. Iliyoandikwa 200 hadi 240 haijaahidi chochote chini ya 200. Kwa hiyo soma kibandiko cha pembeni. Boksi lina rangi nzuri tu.

Sasa wati. Prosesa ya Ryzen 5 7600 kwa mipangilio ya kiwandani haizidi wati 88, na kadi ya RTX 5060 Ti ni wati 180. Ukijumlisha bodi, ramu, SSD na feni unakaribia 330. Pawa saplai ya wati 650 inatosha, na inabakiza nafasi ya kadi kubwa zaidi baadaye. UPS ndiyo huwadanganya watu: ile ya VA 650 kwa kawaida hutoa chini ya wati 400, na ukiongeza skrini imeshaelemewa. Chukua ya VA 1,000 au zaidi, na uitegemee kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima, basi.

Baada ya umeme, bodi. Aliyenunua bodi yenye AM4, soketi ya prosesa za AMD, mwaka 2017, ikiwa mtengenezaji wake alitoa BIOS mpya, aliweza kuchomeka Ryzen 7 5800X3D ya 2022 bila kubadilisha bodi wala ramu. AM5 ilitoka 2022, na AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Intel ilitoa LGA1700 mwaka 2021, na kufikia 2024 ikahamia LGA1851, yaani bodi mpya. Waediti waliipenda Intel kwa sababu ilifungua kwa wepesi video za 4:2:2 za kamera za kisasa. Kadi za RTX 50 nazo sasa zinafanya hivyo, kwa hiyo kwangu hoja hiyo imepungua uzito. Kwenye kadi lipia toleo la GB 16, kwa sababu kumbukumbu ya kadi haiongezwi baadaye. Ramu ya GB 32, vipande viwili, inatosha kuanzia.

Bajeti ikibana, Kariakoo kuna Dell OptiPlex za mtumba. Shida ni kwamba nyingi pawa saplai yake si ya saizi ya kawaida na haina waya wa kadi, hivyo unabaki na kadi zisizozidi wati 75, kama GTX 1650 isiyohitaji waya. Video za 1080p itazimudu. Ukitaka zaidi ya hapo, utakachohamisha ni SSD na hiyo kadi. Mengine unanunua upya.